MBWA MKUBWA WA ZIZI: JINSI YA KUMZOEZA KUFANYA KAZI BILA KAMBA

Chama cha wafugaji kinapopoteza mbuzi kwa fisi au chui, shauri la kwanza litolewalo mkutanoni huwa ni sumu. Sumu haichagui. Humuua fisi, na tai aliyekula mzoga wa fisi, na pengine mbwa wa jirani. Ipo njia nyingine iliyo ya kale zaidi, nayo ni mbwa alindaye kundi mchana na usiku. Lakini mbwa mwenye uzito wa kilo 50, asiyefungwa kamba wala mnyororo, ni hatari kwa watu na kwa mifugo yenyewe ikiwa hakufundishwa. Somo hili linahusu mafundisho hayo.

Aina inayozungumzwa hapa ni mbwa wa wachungaji wa Anatolia, nchini Uturuki, pamoja na nduguye aitwaye Kangal, ambaye jina lake latokana na wilaya ya Kangal katika mkoa wa Sivas. Ni mbwa wa rangi ya mchanga, mwenye uso mweusi, na dume lake huweza kufikia kimo cha sentimita 75 na zaidi begani. Nchini Namibia, ambako katika miaka ya 1980 wenye mashamba waliua duma kwa maelfu, shirika la kuhifadhi duma lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa hao. Wengi waliopewa walieleza kwamba hasara yao ilipungua, na aliyepungukiwa na hasara hakuwa tena na sababu kubwa ya kumwinda duma. Baadaye mbwa wa jamii hiyo waliletwa pia Tanzania, kwa wafugaji wa kandokando ya Hifadhi ya Ruaha.

Yafaa ieleweke mapema kwamba mbwa huyu si kama mbwa wa polisi. Mbwa wa polisi hungoja amri. Huyu hukata shauri mwenyewe, kwa kuwa alizaliwa katika ukoo uliozoea kubaki na kondoo mlimani hali mchungaji yuko mbali. Kazi yake si kukimbiza mnyama mkali mpaka porini, bali ni kubweka na kusimama kati ya kundi na adui. Basi anayetaka kumfungua kamba hana budi kujenga mambo mawili: mbwa apende kundi kiasi cha kutotaka kuliacha, na amwitikie mtu mmoja anapoitwa.

Jambo la kwanza huanza utotoni. Mtoto wa mbwa apelekwe zizini akiwa na umri wa wiki nane hivi, alale na wana-mbuzi, ale humo humo zizini wala si mlangoni pa jikoni. Ajengewe kipembe chenye uzio mdogo ambamo ataweza kukimbilia mbuzi wakubwa wanapompiga pembe, maana kijibwa kilichoumizwa sana huwachukia mbuzi au huwaogopa. Zamani wengi walifundishwa kwamba mbwa wa kundi asiguswe kabisa na watu. Ushauri huo umeleta taabu: mbwa asiyeguswa hawezi kuchanjwa, hawezi kutolewa mwiba, wala haji akiitwa. Mchungaji amshike kila siku, amfungue kinywa, amkague masikio na nyayo, kisha amrudishe kwa mbuzi. Kinachokatazwa ni kumfanya kitu cha kuchezewa na watoto wa nyumbani mchana kutwa.

Kuitwa nako kuanze siku hizo hizo. Maneno yawe machache, nayo yawe mamoja kwa nyumba nzima. Si baba aseme "njoo" na kijana aseme "kuja" na mama apige mluzi. Mwanzoni aitwe toka hatua tatu, apewe kipande cha nyama au ugali. Kisha hatua kumi. Kisha aitwe wakati ameshughulika na jambo jingine. Akikua kidogo aburute kamba nyepesi ya mita 10, ili asipoitika mchungaji aikanyage na kumvuta pole pole. Kosa kubwa kuliko yote ni kumwita mbwa kisha kumchapa. Mwenye kutenda hivyo amemfundisha kwamba neno "njoo" maana yake ni fimbo.

Kati ya miezi mitano na mwaka mmoja huja kipindi kigumu, na hapa ndipo wenye mbwa wengi hukata tamaa. Kijana wa mbwa huanza kuwakimbiza wana-mbuzi, kuwatafuna masikio na kuwavuta mikia. Si ukali, ni mchezo, lakini mwana-mbuzi hufa kwa mchezo kama afavyo kwa ukali. Akemewe papo hapo. Akemewapo baada ya robo saa hajui kosa lake. Atengwe na wadogo, awekwe pamoja na mabeberu na mbuzi wazima wasiokimbia ovyo, kwa kuwa asiyekimbia hamfurahishi mchezaji. Wafugaji wengine humning'inizia ukandani kipande cha mti kinachofika magotini, kikamzuia kukimbia bila kumzuia kutembea na kula. Kipimo kiangaliwe kisije kikamjeruhi miguu. Subira ni lazima, maana mbwa huyu hapevuki akili kabla ya mwaka mmoja na nusu au miwili.

Kamba isitolewe kwa sababu mbwa amekuwa mkubwa wa mwili. Itolewe baada ya majaribio, yafanywayo siku nyingi, kamba ikiwa bado inaburuta: aitwe mbuzi wanapotimka, aitwe swala au sungura anapokatiza, kwa kuwa baadhi ya mbwa hawa huko Namibia walionekana kuwinda wanyama wa porini, apitishwe karibu na kundi la jirani, na mgeni apite njiani, mchungaji akiwepo. Akishindwa hata moja, arudi nyuma hatua moja. Akifaulu, afunguliwe kwanza ndani ya boma, kisha katika malisho ya karibu, na mwisho ya mbali. Watoto wa shule wanaopita hapo waonyeshwe mbwa huyo mapema, nao waonywe wasikimbie wala kumrushia mawe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe anapotimiza miezi mitatu, kisha irudiwe kama bwana mifugo atakavyoagiza. Aliyeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo.

Limebaki jambo la halmashauri. Chama kikinunua mbwa kwa fedha za wanachama, kuna kishawishi cha kumfanya mbwa wa wote, alishwe na huyu leo na yule kesho. Mbwa wa namna hiyo hana wa kumwitikia, na siku atakapomuuma mtu hapatakuwa na wa kuulizwa. Katika daftari la mali aandikwe kwa jina la mchungaji mmoja anayemtunza, pamoja na tarehe ya kupokewa, tarehe za chanjo, posho ya chakula kwa mwezi, na siku aliyoruhusiwa kufunguliwa kamba. Ruhusa hiyo itiwe saini na mchungaji na katibu, baada ya wajumbe wawili kushuhudia majaribio kwa macho yao.