Somo la Afya: Uvimbe wa Ovari Unaotoa Homoni



Katika robo hii tunajifunza ugonjwa ulio nadra, lakini ambao dalili zake huweza kumvunjia mtu heshima kabla hajafika hospitali.

Ovari ni mifuko miwili ya mayai ya mwanamke. Hutunza mayai, na pia hutengeneza homoni. Uvimbe wa aina chache huanzia kwenye seli zinazolizunguka yai au zinazoishikilia ovari yenyewe. Katika saratani zote za ovari, aina hizi hazifiki moja kati ya kumi. Tutaje tatu:

1. Uvimbe wa seli za granulosa mara nyingi hutoa estrojeni. Mama aliyekwisha koma hedhi hutokwa damu tena. Mtoto wa kike ambaye hajafikisha hata miaka 8 huweza kuota matiti na kutokwa damu.

2. Uvimbe wa Sertoli-Leydig huweza kutoa homoni za kiume. Msichana hukosa hedhi, huota ndevu na sauti huwa nzito.

3. Faibroma kwa kawaida si saratani, wala haitoi homoni. Mara chache husababisha maji kujaa tumboni na kifuani. Mwaka 1937 daktari Joe Vincent Meigs wa Marekani alieleza wagonjwa ambao maji hayo yaliisha baada ya uvimbe kuondolewa.

Hapo ndipo maneno ya watu huanza. Mtoto husemwa ameharibiwa, mama huambiwa ujana umemrudia, na msichana mwenye ndevu huitwa aliyelogwa. Wao hunyamaza kwa aibu, na uvimbe unakua. Dalili hizi zina sababu nyingine pia, na nyingi si saratani. Wa kuamua ni daktari, kwa altrasaundi, vipimo vya homoni katika damu, na uchunguzi wa kinyama maabara.

Habari njema ni kwamba uvimbe wa granulosa mara nyingi hugunduliwa ukiwa bado ndani ya ovari, na wengi hupona kwa upasuaji. Msichana aliyewahi mapema mara nyingi huachiwa ovari ya pili, akaweza kuzaa baadaye.

Hata hivyo, uvimbe huu huweza kurudi hata baada ya miaka 20. Kwa hiyo nauli ya safari ya kwanza haitoshi. Tunaziomba kamati ziandike tarehe za kliniki za kila mgonjwa anayekubali kusaidiwa, kwa siri, na tunawaomba wafadhili waelewe kwa nini jina moja linarudi kwenye bajeti mwaka hadi mwaka. Mgonjwa huyo hajashindwa kupona. Analindwa.

Maswali ya kujadili:
- Mama anayetokwa damu baada ya kukoma hedhi atamwambia nani kwanza katika jumuiya yetu?
- Nani atamsindikiza kliniki miaka mitano ijayo?