Kuunda Mashine ya Michezo Shuleni: Tuanze na Kitufe

Mwanachuo anayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha Temeke au Kinondoni hakosi kukuta vibanda vya michezo ya kompyuta mitaani. Watoto huingia humo na fedha ya vitumbua, wakatoka jioni. Mimi nilikuwa nikiwafukuza, hadi mtoto mmoja wa Darasa la Tano aliponiuliza, “Mwalimu, kwani ndani ya ile mashine mna nini?” Sikuwa na jibu. Makala haya yaeleza jinsi tulivyolitafuta kwa kuunda mashine yetu wenyewe, pamoja na kosa nililolifanya kwa kuona haya.

Mashine inayokusudiwa ni sanduku la kusimama, lenye kioo mbele, kijiti cha kuelekezea na vitufe vichache. Huko ng’ambo mashine hizo zilienea tangu miaka ya 1970: Pong ya Atari ilitolewa Marekani mwaka 1972, na Space Invaders ya Taito ikatolewa Japani mwaka 1978. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikupata matangazo ya televisheni hadi mwaka 1994. Mtoto wa Tandika wa siku hizo alijiundia gari la waya na vifuniko vya makopo bila kufundishwa na mtu. Ustadi huo haujapotea, nao ndio mtaji wa somo hili.

Sanduku lisikusumbue. Waombe mafundi seremala wa Keko mabaki ya plaiwudi, uwe na msumeno, msasa na skrubu. Ila vipimo vichukuliwe kwa watoto wenyewe, usawa wa viwiko vyao. Mimi nilipima kwa kiwiko changu. Watoto wa Darasa la Pili hadi leo hucheza wakiwa wamesimama juu ya matofali.

Ubongo wa mashine ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ukubwa wa kiganja. Tulichagua Raspberry Pi, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Wazazi walichanga, ikanunuliwa. Kwa kuwa sikutaka wanafunzi waone kwamba mwalimu wao naye anabahatisha, niliunganisha nyaya peke yangu usiku. Pini ya 2 na ya 4 za ubao huo hutoa volti 5, lakini pini za kupokea habari hazistahimili zaidi ya volti 3.3. Nami nilikiunga kitufe kati ya pini ya 2 na pini ya kupokea. Asubuhi mtoto wa kwanza alipobonyeza, kioo kikazimika, na ubao haukuwaka tena. Mtoto yule alilia, akidhani ameuharibu yeye. Ilinibidi kusema mbele ya darasa, kisha mbele ya kamati ya shule, kwamba kosa lilikuwa langu. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

Mara ya pili tulianza na glopu ya tochi. Kila kikundi kipewe betri mbili, glopu, nyaya, vipande viwili vya bati na kipande cha sponji kilichotobolewa katikati. Sponji ikae kati ya bati mbili, na kila bati iungwe na waya wake. Ukibonyeza, bati hugusana kupitia tundu, glopu ikawaka. Ukiachia, njia ya umeme hukatika. Usiwaeleze hayo mapema. Waulize umeme umepita wapi, nawe unyamaze hata kama kimya ni kirefu. Katika darasa langu hatua hii ilichukua vipindi viwili, wala sikujuta.

Ndipo mhamie kwenye ubao. Kitufe kiungwe kati ya pini ya kupokea na pini ya hasi, kama ile ya 6. Programu huiamuru kompyuta iweke volti ndogo kwenye pini ya kupokea. Kitufe kikibonyezwa, volti hiyo hushuka hadi sifuri, na programu hutambua. Kabla ya kuwasha, mwanafunzi mmoja afuate kila waya kwa kidole akitaja namba ya pini, mwenzake akilinganisha na mchoro. Umeme wa ukutani, ambao ni volti 230, ni kazi ya mwalimu peke yake. Mgongo wa kioo usifunguliwe na mtu yeyote.

Michezo mashuhuri ya zamani ina wenyewe, na kuinakili ovyo ni wizi. Watoto watunge yao kwa Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ambayo amri zake hupangwa kama matofali. Darasa langu lilitunga mchezo wa maembe yaangukayo, kila embe na namba yake, na mchezaji hudaka yale tu yanayogawanyika kwa 3. Yule aliyelia ndiye aliyeongeza ngazi ya 7. Mimi mwenyewe sijaimaliza.