Pua Imeziba, Uso Unauma: Vidokezo 9 Kabla ya Kumeza Dawa

Kupura ndengu kuna raha zake, ila vumbi lake halina adabu. Jioni unarudi nyumbani nyusi zimegeuka kijivu. Kesho yake unaamka pua imeziba, mashavu mazito, na ukiinama kufunga kamba za viatu uso wote unadunda. Kuanzia Mwingi hadi Mutomo, Wote hadi Kibwezi, mtu husema tu "ni sainasi", kisha huyo anavuka barabara kwenda duka la dawa. Kabla hujavuka, soma haya.

1. Jua unatibu nini. Ndani ya mifupa ya uso kuna jozi 4 za vyumba vidogo vya hewa vinavyofungukia puani. Homa ya mafua au vumbi likivimbisha milango yake, kamasi hukwama ndani na uso ukaanza kuuma. Mara nyingi chanzo ni virusi, na hali hutulia yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Basi dawa ya dukani haikuponyi, inakusaidia kusubiri. Na kusubiri hakufai kukugharimu ini, figo wala ajali.

2. Anza jikoni. Chukua nusu lita ya maji, chemsha yatokote dakika nzima, yaache yapoe mpaka vuguvugu, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kiwe sawa bila kilima. Inama juu ya karai, pitisha maji polepole kwa sirinji safi isiyo na sindano, yaingie tundu moja yatokee la pili, huku ukipumua kwa mdomo. Usiruke hatua ya kuchemsha, yawe maji ya silanga, ya kisima cha mchangani au ya tangi. Kuna amiba adimu wa maji yenye joto ambaye ukimnywa hakudhuru, lakini akipitia puani huweza kufika ubongoni na kuua. Na maji ya kisima chenye chumvichumvi si dawa tayari: chumvi yake huijui kipimo.

3. Uliza jina la dawa, si jina la pakiti. Kioskini muuzaji hukata vidonge viwili kwa makasi, na jina hubaki kwenye kipande alichorudisha mkebeni. Dukani nako unapewa bahasha ndogo imeandikwa "2x3" na basi. Sasa piga hesabu. Parasetamoli 2x3 ni vidonge 6. Ukiongeza kidonge cha mafua 2x3, nacho kina parasetamoli ndani yake, umefika 12. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, tena kwa kupisha angalau saa 4 kati ya dozi na dozi. Ukizidisha, ini ndilo linaloumia, na huenda usihisi chochote siku ya kwanza. Mwambie yule unayemwita "daktari" aandike jina la dawa kwenye bahasha. Hakutozi kwa hilo.

4. Ibuprofen haipendi tumbo tupu. Kula muthokoi kwanza, au hata kikombe cha uji. Kwa dawa ya kujinunulia, mtu mzima hutumia kidonge kimoja hadi viwili vya miligramu 200, mara 3 kwa siku, asivuke 6. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, anayetumia dawa za presha, na mama mjamzito, waulize kwanza au wabaki na parasetamoli. Ukiwa umetapika au umeshinda juani bila maji, iache kando, kwa sababu figo zitalemewa. Aspirini usimpe aliye chini ya miaka 16.

5. Dawa ya kupuliza puani ina mwisho wake. Zile za kuzibua haraka, kama Otrivin, hufanya kazi kweli: dakika chache tu unapumua. Kasoro ni kwamba ukizitumia zaidi ya siku 3 hadi 5, pua huzizoea. Dawa ikiisha nguvu, pua inaziba kuliko mwanzo, unapuliza tena, na mzunguko umeanza. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu. Kila mtu na chupa yake pia, usiizungushe nyumba nzima.

6. Una presha? Sema kabla ya kulipa. Vidonge vingi vya mafua vina dawa ya kubana mishipa ili pua izibuke. Sudoefedrini huweza kupandisha presha na kuusukuma moyo mbio. Fenilefrini nayo, mwaka 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walikubaliana wote kwamba ikimezwa kama kidonge haizibui pua kuliko kidonge bandia. Huenda basi unalipia kitu kisichofanya kazi. Soma pakiti.

7. Piriton na usukani haviendani. Ikiwa shida yako ni mzio, yaani kupiga chafya, pua kuwasha na macho kutoa machozi, Piriton au setirizini zitakufaa. Lakini Piriton hulewesha usingizi. Ukimeza asubuhi kisha ukapanda boda, au ukashika lori kutoka Emali kwenda Mtito Andei, unajitafutia makubwa. Usiichanganye na kaluvu wala bia. Setirizini ina usingizi mdogo, ila ijaribu kwanza siku ambayo huendi popote.

8. Antibiotiki ziache rafuni. Kamasi kuwa kijani au manjano si ushahidi wa bakteria, maana hata homa ya virusi hubadilisha rangi yake. Amoksilini haiui virusi, na kununua vidonge vinne kwa sababu hela ni za vinne ni kuwafundisha bakteria kuizoea dawa. Hizo hutolewa kwa maandishi ya daktari. Duka linalokupa bila kuuliza swali halijakufanyia hisani. Angalia kama lina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Muuza dawa wa siku ya soko mwenye begi mgongoni hata usimsimamishe.

9. Watoto wana sheria zao. Mchanganyiko wa dawa za mafua usimpe mtoto aliye chini ya miaka 6. Mpe maji ya chumvi ya matone, na parasetamoli ya maji kulingana na uzito wake. Wala usimfunike blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi: mtoto akishtuka, sufuria inapinduka, na majeraha ya moto hukaa kuliko mafua yoyote.

Na ujue wakati wa kuondoka dukani. Siku 10 zikipita bila nafuu, au ukipona kidogo kisha ukazidiwa, nenda kituo cha afya. Joto likipanda sana, pimwa malaria badala ya kubahatisha. Jicho likivimba pembeni, ukiona vitu viwiliviwili, shingo ikikakamaa au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi: nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ni ya Kitui au ya Makueni pale Wote.

Msimu ujao wa kupura, loweka leso kidogo, ifunge puani, halafu simama upande upepo unakotoka. Vumbi liwaendee kuku.