SUKARI ILIYOFUNGWA NDANI YA MABUA YA MPUNGA

Somo hili ni la wakulima wa Hola, Bura na Garsen wanaolima mpunga na kufuga ng'ombe. Mpunga ukisha kupurwa, wako wanaoyatia moto mabua. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hukonda na malisho hununuliwa kwa fedha. Yafaa mkulima ajue alichokichoma.

Bua limejengwa kwa selulosi, kitu kilichotambuliwa na Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838. Selulosi ni mnyororo mrefu wa chembe za sukari. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuukata. Hukatiwa na vijidudu wakaao katika tumbo lake kubwa, ambao hutoa vikataji viitwavyo vimeng'enya. Vijidudu hula sukari hiyo na kutoa asidi zinazompa ng'ombe nguvu.

Tufanye mfano. Tungeni shanga 40 katika uzi mmoja. Mtoto wa kwanza akate uzi popote katikati. Wa pili achukue shanga mbili mbili kutoka kwenye ncha. Wa tatu atenganishe kila jozi. Shanga moja moja ndiyo sukari.

Sasa mwondoeni wa kwanza. Kazi itapungua mwendo, kwa kuwa ncha ni mbili tu, na kila alipokata zilizaliwa ncha mbili mpya. Akiondoka wa tatu, jozi hurundikana. Na katika tumbo jozi hizo huwazuia wenziwe. Vimeng'enya hutegemeana.

Lakini selulosi ya bua imekandikwa kwa kitu kigumu, lignini, kama fito zilivyokandikwa udongo ukutani. Vikataji havifiki. Mbolea ya yurea hutoa amonia, nayo hulegeza ukandiko huo na kuwalisha vijidudu.

NJIA YA KUFANYA
1. Yeyusha kilo 4 za yurea katika maji lita 50.
2. Nyunyizia sawasawa kilo 100 za mabua makavu, tabaka kwa tabaka.
3. Shindilia, funika kwa turubai pasipite hewa, ngoja majuma 3.
4. Funua, anika siku moja harufu ipungue, kisha lisha kidogo kidogo.

HADHARI: Yurea ni sumu. Ng'ombe asinywe maji yake kamwe, wala ndama wasipewe mabua haya.

Swali la nyumbani: kwa nini bua lililokatwakatwa vipande huliwa upesi kuliko bua zima?