KUCHAGUA INJINI YA DIZELI YA SILINDA NNE KWA PIKAPU

Zipo pikapu nyingi za zamani katika Kenya ambazo chesisi yake ni nzima na bodi yake haijaoza, lakini injini yake ya petroli imekwisha. Mwenye gari kama hilo huambiwa mara kwa mara na jirani au fundi, "Tia dizeli, utaona faida." Huenda shauri hilo likawa jema, na huenda likamla fedha za mavuno ya miaka miwili. Tofauti haiko katika bahati, bali katika kuchagua. Injini ifaayo siyo ile yenye nguvu kuliko zote. Ni ile inayolingana na gari, na kazi, na njia, na ambayo fundi wa karibu aweza kuitengeneza.

Hesabu ya mfuko

Lita moja ya dizeli ina moto mwingi kuliko lita moja ya petroli, kadiri ya sehemu moja zaidi katika kumi, na injini ya dizeli huutumia moto huo bila kuupoteza sana. Ndiyo sababu gari la dizeli hutumia mafuta kidogo. Lakini kubadili injini kuna gharama yake: injini yenyewe, ufundi, paipu, betri na mengineyo. Kwa kuwa bei ya mafuta hupanda na kushuka, njia rahisi ni kuhesabu kwa lita badala ya shilingi.

Chukua mfano wa pikapu inayotumia lita 14 za petroli kwa kila kilomita 100. Ikitiwa dizeli ikatumia lita 10, imeokoa lita 4. Ikiwa gharama yote ya kubadili ni sawa na bei ya lita 2,000, gari halina budi kwenda kilomita 50,000 kabla fedha hizo hazijarudi. Mchuuzi wa mboga aendaye kilomita 40,000 kwa mwaka atarudishiwa mali yake baada ya mwaka mmoja na robo. Mkulima aendaye kilomita 8,000 tu kwa mwaka atangoja zaidi ya miaka sita. Huyu wa pili yamfaa zaidi aitengeneze injini yake ya petroli, na fedha zinazobaki anunue mbegu.

Jinsi dizeli ifanyavyo kazi

Injini ya namna hii ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel, na ile ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Haina plagi za cheche. Pistoni huibana hewa mpaka inakuwa kama sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake wa kwanza, na hewa hiyo hupata moto mkali sana. Ndipo noseli inaponyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Katika injini ya petroli hewa hubanwa mpaka sehemu moja ya nane au ya kumi tu.

Kwa sababu ya kubanwa huko, injini ya dizeli hutengenezwa kwa chuma kinene, nayo ni nzito. Hutoa nguvu nyingi ikizunguka polepole, wala haipendi kuzungushwa upesi. Mambo haya mawili, uzito na mzunguko wa polepole, ndiyo asili ya karibu kila shida inayotokea injini inapobadilishwa.

Silinda nne huzifaa pikapu kwa sababu injini ni fupi, nayo huingia kati ya rejeta na ukuta wa kebini bila kukata chuma. Katika silinda nne, kila nusu ya mzunguko hupata msukumo mmoja. Hata hivyo injini hutikisika, na kwa dizeli mtikisiko huo ni mkubwa. Kwa hiyo raba za maunti ziwe mpya, na za aina iliyoagizwa kwa injini hiyo.

Injini zilizo za kawaida

Katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, ambako watu wengi hata leo hupaita Grogan, mnunuzi huonyeshwa injini za namna nyingi. Inafaa azijue kwa jina na kwa ukubwa.

Kwa Toyota Hilux, jamaa moja ya injini ni 2L yenye cc 2,446, na 3L yenye cc 2,779, na 5L yenye cc 2,986. Hilux zenyewe zilitoka kiwandani na injini hizi, basi maunti na giaboksi zake hupatikana. Zinatumia belti ya taimingi, ambayo lazima ibadilishwe kila kilomita 100,000; ikikatika, pistoni hugonga valvu na injini huharibika. Isuzu 4JA1 yenye cc 2,499 na 4JB1 yenye cc 2,771 hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, nazo husifiwa kwa kutotumia mafuta mengi. Nissan TD27 yenye cc 2,663 ina gia za chuma mahali pa belti. Wenye Land Rover za zamani huchagua 200Tdi au 300Tdi, zote cc 2,495, zenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya silinda.

Nyingi katika injini hizi zina pampu ya dizeli isiyotumia kompyuta. Injini za siku hizi zenye kompyuta zina nguvu na hazitoi moshi mwingi, lakini kuziingiza katika gari la zamani kunataka nyaya zake zote, vipimio vyake, na fundi mwenye mashine ya kuzisoma. Aishiye mbali na mji mkubwa na afikiri mara mbili.

Nchi ya juu na difu

Hewa ya milimani ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini isiyo na tabo hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Injini inayovuta vizuri Mombasa itachoka ikibeba viazi Kinangop au ikipita Timboroa, mahali palipo juu kupita mita 2,700. Nayo itatoa moshi mweusi, maana dizeli ni ile ile na hewa imepungua. Mwenye kazi ya nchi hizo na achague injini yenye cc nyingi zaidi, au yenye tabo.

Tena iangaliwe difu. Tairi yenye mzingo wa mita 2.2, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka mara 606 kwa dakika. Katika gia ya nne, ambayo kwa kawaida huzunguka sawa na injini, difu ya 4.5 itaizungusha injini mara 2,700 na zaidi. Difu ya 3.9 itaizungusha kama mara 2,360. Injini ya dizeli ikiachiwa difu ya petroli iliyo fupi mno, italia njiani siku zote, na faida ya mafuta itapotea.

Breki kwanza

Jambo hili husahauliwa na wengi, na limo ndani yake uhai wa watu. Injini ya petroli ina kilango kinachozuia hewa, na kilango hicho kikifungwa hutokea nguvu ya kufyonza. Nguvu hiyo ndiyo inayosaidia busta ya breki. Injini za dizeli za zamani hazina kilango hicho, wala hazifyonzi. Dereva akiteremka na shehena kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu, huku busta haina msaada, atakanyaga pedali kwa miguu miwili na gari litaendelea kwenda. Basi lazima injini iwe na pampu ya vakyumu, ambayo katika nyingi hukaa nyuma ya alterneta. Alterneta ya aina nyingine isiyo na pampu isikubaliwe hata kama ni rahisi.

Pamoja na hiyo yatakiwa springi za mbele zenye kubeba uzito mpya, rejeta kubwa, klachi ya dizeli, betri yenye nguvu, filta inayotenga maji, na paipu ya kurudishia mafuta katika tangi. Tangi lioshwe kabisa, kwa kuwa dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na petroli au mafuta ya taa huikausha ikasagika. Kenya ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya watu waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Mwenye gari na anunue mafuta mahali anapopaamini.

Kuikagua na kuiandikisha

Injini iliyotumika isinunuliwe ikiwa imelala sakafuni. Na iwashwe mbele ya mnunuzi ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma maana yake dizeli haiungui vizuri, au maji yameingia. Kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikinguruma: hewa ikitoka kwa nguvu, ringi zimekwisha. Oili ikifanana na chai ya maziwa, iachwe papo hapo. Pampu, stata, maunti na kifuniko kinachoungana na giaboksi vinunuliwe pamoja na injini, maana kutafuta kimoja kimoja baadaye ni ghali.

Mwisho, nambari ya injini ilinganishwe na karatasi za muuzaji, na mabadiliko yapelekwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili nambari mpya iandikwe. Gari ambalo nambari zake hazipatani na karatasi humtia mwenyewe mashakani kwa polisi, na kwa kampuni ya bima siku ya ajali.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Atakaye kubadili injini na aketi kwanza na kalamu, aandike kilomita zake za mwaka, uzito wa shehena, milima ya njia yake, na jina la fundi aliye karibu. Akishayaandika hayo manne, atajua ni injini gani aitafute, au kama inafaa aitafute kabisa.