SOMO: SALAMU YAKO UKIFIKA KAMPALA

Ndugu wakimbizi,

Wengi wetu kutoka Kongo tumekulia katika Kiswahili. Lakini Kampala, ukimsalimu mzee kwa Kiswahili, pengine atanyamaza. Usidhani anakuchukia. Tangu ukoloni, hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya amri jeshini. Wakati wa Idi Amin (1971–1979), askari waliwatisha na kuwapora raia kwa lugha hiyo. Na sisi je? Kwetu Lingala ni lugha ya jeshi. Nani hakushtuka kuisikia mlangoni usiku?

Mambo yanabadilika. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni.

Fanya hivi:
1. Anza kwa Kiganda: "Oli otya, ssebo?" Kwa mama sema "nnyabo". Kisha uliza kama anasikia Kiswahili.
2. Jifunze Kiganda cha sokoni. Watoto wanaweza kukufundisha.
3. Nyumbani sema nao lugha ya kwenu. Wakiisahau, siku ya kurudi watazungumzaje na bibi yao?

Swali la kujadiliana: Lugha ina kosa gani, au kosa ni la msemaji?