HESABU ZA UMEME: VOLTI, AMPEA, OMU NA WATI

Siku hizi umeme umeingia katika vijiji vingi, ama kwa nyaya zitokazo mbali, ama kwa betri zijazwazo na jua. Neema hii ni kubwa, lakini yataka maarifa, kwa kuwa umeme hauna huruma kwa mtu asiyejua kipimo. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu hesabu yake. Mtu yeyote ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya.

Fikiri tangi la maji lililowekwa juu ya mnara, na bomba lishukalo kutoka humo. Tangi likiwa juu sana, maji husukumwa kwa nguvu. Msukumo huo ni mfano wa volti. Wingi wa maji yapitayo bombani kila sekunde ni mfano wa ampea. Tena bomba jembamba huyazuia maji kuliko bomba pana. Kizuizi cha namna hiyo katika umeme huitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu.

Jina la omu limetokana na Georg Simon Ohm, Mjerumani, mwana wa mfua makufuli, aliyezaliwa mwaka 1789. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln alipojaribu kupitisha umeme katika nyaya za urefu mbalimbali na kupima tofauti zake. Mwaka 1827 alitoa kitabu cha kanuni yake. Hapo kwanza wataalamu wengi wa nchi yake hawakukijali, lakini mwaka 1841 chama cha wataalamu cha London kiitwacho Royal Society kilimpa nishani.

Kanuni yenyewe ni hii: gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Na ukitaka kujua nguvu ya chombo, zidisha volti kwa ampea, utapata wati.

Tazama mfano. Pasi yatumia umeme wa volti 230, na ampea zipitazo ndani yake ni 5.

Ukinzani: 230 ÷ 5 = omu 46.
Nguvu: 230 × 5 = wati 1150.

Wati 1000 zikitumika kwa muda wa saa 1, hiyo ndiyo yuniti 1 unayolipia. Basi pasi hiyo ikiwaka saa nzima bila kukatika imekula yuniti 1.15.

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hupata hasara. Wao huhesabu chombo, wakasahau waya. Waya nao una ukinzani. Ukiwa mrefu, ukinzani huzidi, na ukiwa mnene, hupungua.

Tuseme mtu ana betri ya volti 12, naye ataka kuwasha taa na televisheni katika nyumba yake ya pili, umbali wa mita 30. Vyombo hivyo vyataka ampea 5. Amenunua waya wa shaba wa milimita mraba 1, kwa sababu ni rahisi. Kila mita 1 ya waya huo ina ukinzani wa karibu omu 0.017. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wote ni mita 60, na ukinzani wake ni 60 × 0.017, yaani karibu omu 1. Zidisha ampea kwa omu, nawe utapata volti zipoteazo njiani: 5 × 1 = volti 5. Zilizofika ni 7 tu. Taa zafifia, televisheni yakataa kuwaka, na mwenye mali ailaumu betri. Pengine atanunua nyingine kwa fedha nyingi, hali ile ya kwanza ni nzima. Waya wa milimita mraba 4 ungalipunguza hasara hiyo hata volti 1 na robo, na kuisogeza betri karibu na vyombo kungalikuwa bora zaidi.

Je, zile volti 5 zimekwenda wapi? Zimegeuka kuwa joto katika waya: volti 5 × ampea 5 = wati 25. Angalia sana jambo hili: ampea zikiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Ampea 10 zikipita katika waya ule ule wa omu 1, volti zipoteazo ni 10, na joto ni 10 × 10 = wati 100. Waya wa namna hiyo ukikunjwa kama kamba, au ukifunikwa kwa mkeka, hauna pa kupozea joto lake. Plastiki yake huyeyuka, na nyumba yaweza kuungua.

Ndiyo sababu ya kuwekwa fyuzi. Plagi ya ampea 13 katika umeme wa volti 230 yaweza kuchukua 13 × 230 = wati 2990. Ukiunganisha hapo birika la wati 2300 pamoja na jiko la wati 2300, umetaka ampea 20. Fyuzi imetengenezwa iyeyuke na kukata umeme kabla waya haujawaka. Atiaye msumari mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi mlangoni, akalala usingizi.

Hesabu hizi hazimfanyi mtu kuwa fundi. Kazi ya kufunga nyaya za nyumba ni ya fundi mwenye idhini. Lakini zitamwezesha kununua kwa akili, na kumwuliza fundi maswali yafaayo.

Jaribu mwenyewe:

1. Taa ya betri ya volti 12 yatumia ampea 2. Ukinzani wake na nguvu yake ni kiasi gani?
2. Birika la wati 2300 katika volti 230 lataka ampea ngapi?

Majibu: 1. Omu 6, wati 24. 2. Ampea 10.